Kuchagua mota ya mlango wa gereji ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo karibu kila mwenye nyumba huuliza anapotaka mlango wa gereji ufunguke kwa rimoti. Yameanza na mlango wenyewe, kwa sababu uchaguzi mbaya mwingi hutokea pale mtu anapoingia dukani kabla hajautazama mlango wake.

## Kuujua mlango kwanza

Mota ya mlango wa gereji hufanya kazi gani hasa?

Wengi hudhani mota ndiyo inayobeba mlango. Kwenye milango mingi ya kupanda juu, sivyo. Uzito hubebwa na springi: ama springi za kujisokota zilizovishwa kwenye shafti juu ya mlango, ama springi za kuvutika zinazolala sambamba na reli za pembeni. Springi zikiwa sawa, mlango wa kilo 100 huinuliwa na mtu mzima kwa mkono mmoja. Mota husukuma na kuvuta mlango ambao tayari umesawazishwa, kisha huushikilia ukishafika chini.

Ukilielewa hili, nusu ya maswali yanayofuata yatajijibu yenyewe. Mlango mzito kwa mkono hautibiwi kwa kununua mota kubwa. Unatibiwa kwenye springi.

Nitajuaje kama mlango wangu uko tayari kufungiwa mota?

Ufunge mlango kabisa. Kama kuna mota ya zamani, uachanishe nayo kwa kuvuta kamba nyekundu inayoning'inia kwenye reli. Kisha uinue mlango kwa mkono hadi katikati, na uuachie polepole huku mikono yako ikiwa karibu. Mlango ulio sawa hubaki palepale, au husogea kidogo tu. Ukianguka, springi zimelegea au hazitoshi. Ukipaa wenyewe, zimekazwa kupita kiasi.

Urudie kuupandisha na kuushusha ukisikiliza. Mlango unaokwama mahali pamoja kila mara una reli iliyopinda au gurudumu lililokufa, na mota itakutana na tatizo hilohilo kila siku. Badilisha magurudumu mabovu, kaza boliti za bawaba, paka mafuta, ndipo ufikirie mota. Springi za kujisokota usiziguse mwenyewe: zimehifadhi nguvu ya kuvunja mkono au kuua, na zinahitaji fundi mwenye vyuma vyake maalumu vya kuzikazia.

Je, kila aina ya mlango inafaa kwa mota?

Karibu kila aina, lakini si kwa mota ileile.

Mlango wa vipande vilivyoungwa kwa bawaba, unaopanda na kulala chini ya dari, ndio rahisi zaidi. Mota nyingi za reli, yaani zinazouvuta mlango kwa reli iliyofungwa darini, zimetengenezwa kwa ajili yake.

Mlango wa kipande kimoja unaopinduka kwenda juu unahitaji uangalifu. Baadhi hutanguliza sehemu ya chini nje kabla ya kupanda, na kwa hiyo huhitaji mkono wa ziada uliopinda kati ya mota na mlango. Uliza kabla ya kulipa kama mkono huo umo kwenye boksi.

Mlango wa kujikunja kama mkeka juu ya bomba una mota yake: ama inaingia ndani ya bomba, ama inafungwa ubavuni mwa shafti. Kama mlango huo hauna springi, basi hapa mota inabeba uzito kwelikweli, na ukubwa wake hupimwa kwa nguvu ya kusokota, yaani Nyutoni-mita, si kwa vipimo vya mota za reli. Milango ya mbawa mbili inayofunguka kama ya kabati hutumia mikono ya mota, mmoja kwa kila ubawa.

Nichukue vipimo gani kabla ya kwenda dukani?

Urefu wa mlango ni wa kwanza. Reli nyingi za kawaida hutosha mlango wa mita 2.1, kwa mita 2.4 au zaidi unahitaji reli ndefu au kiungo cha kurefusha. Pili, ushushe mlango na kuupandisha polepole ukitazama ukingo wake wa juu unapopinda. Pima kutoka sehemu ya juu kabisa unayofika hadi darini. Mota ya reli kwa kawaida inataka nafasi ya angalau sentimita 5 hapo. Tatu, pima nafasi ya ubavuni mwa shafti, kwa maana huenda ukahitaji mota ya ukutani, inayoelezwa chini. Mwisho, tazama soketi ya umeme iko wapi. Waya wa kurefushia uliotundikwa darini kwa miaka si mpango mzuri.

## Aina na nguvu

Mnyororo, mkanda au skrubu: ipi bora?

Mota za reli hutofautiana kwa kile kinachovuta toroli linaloshika mlango.

Mnyororo wa chuma ndio wa bei nafuu na wa kuvumilia. Hauogopi mlango mzito, lakini hupiga kelele na kutetemesha dari, na baada ya muda hulegea na kutaka kukazwa. Mkanda wa mpira ulioimarishwa ndani kwa nyuzi za chuma au za kioo hufanya kazi ileile kimyakimya. Skrubu ndefu inayozunguka ndani ya reli ina sehemu chache za kuharibika, ila inataka grisi na huathiriwa na mabadiliko makubwa ya joto na baridi. Kuna pia muundo ambao mnyororo hautembei, mota yenyewe ndiyo inayotembea juu yake. Huo nao ni mtulivu sana.

Kama kuna chumba cha kulala juu ya gereji au upande wa pili wa ukuta wake, chukua mkanda bila kusita. Tofauti ya bei utaisahau. Kelele za saa kumi na moja alfajiri hutazisahau. Kama gereji imejitenga na nyumba, mnyororo unatosha na hela inayobaki itumie kwenye betri ya akiba.

Mota ya ukutani ni nini, na inamfaa nani?

Hii haina reli darini. Hufungwa ukutani kando ya mlango na kuzungusha moja kwa moja shafti yenye springi. Inafaa pale dari ilipo chini sana, au juu sana, au pale unapotaka dari iwe wazi kwa ajili ya kuhifadhi vitu. Ni tulivu, na nyingi huja na kufuli ya umeme inayouzuia mlango kuinuliwa kwa nguvu kutoka nje.

Masharti yake ni mawili. Lazima mlango uwe wa vipande wenye springi za kujisokota kwenye shafti. Springi za kuvutika hazifai. Na lazima usawa wa mlango uwe mzuri kabisa, kwa sababu mota hii hulegeza waya za kuinulia ili mlango ushuke kwa uzito wake. Mlango ukikwama njiani, waya hulegea na kutoka kwenye magurudumu yake. Ndiyo maana mota nzuri za aina hii huwa na kitambuzi cha waya kulegea. Usikubali kufungiwa bila hicho.

Ninahitaji mota yenye nguvu kiasi gani?

Kwenye maboksi ya Marekani utaona nguvu za farasi: nusu, robo tatu, moja na robo. Kwenye ya Ulaya utaona Nyutoni: 600, 800, 1000 na kuendelea. Mlango wa gari moja wa bati la chuma uliosawazishwa vizuri hutosheka na nusu au 600. Mlango mpana wa magari mawili, hasa wenye tabaka la kuzuia joto, uko salama zaidi na robo tatu au 800. Mbao nzito na milango mikubwa mno ndiyo inayostahili zaidi ya hapo.

Muuzaji akikuambia "chukua kubwa uwe na uhakika", muulize mota hiyo inaruhusu mizunguko mingapi ya kufungua na kufunga kwa saa na mlango wa upana gani. Mota yenye nguvu nyingi juu ya mlango mbovu huuficha ubovu mpaka kitu kivunjike.

Kuna tofauti gani kati ya mota za AC na za DC?

Mota za AC (mkondo geu) huanza na kusimama kwa kishindo, kasi ikiwa ileile mwanzo hadi mwisho. Za DC (mkondo mnyoofu) huanza taratibu, huongeza kasi, kisha hupunguza kabla ya kugusa sakafu, jambo linalotunza bawaba na kupunguza kelele. Zaidi ya hapo, zinakubali betri ya akiba kwa urahisi. Kwa nyumba, DC ndiyo ya kuchagua leo.

## Usalama wa watu

Je, macho ya usalama ni ya lazima?

Nchini Marekani, mota za nyumbani zilizotengenezwa tangu tarehe 1 Januari 1993 zinatakiwa na sheria kuwa na kinga ya ziada dhidi ya kubana mtu, na kwa kawaida kinga hiyo ni jozi ya macho yanayotazamana kwa mwali usioonekana. Sheria ilikuja kwa sababu watoto walikuwa wakifa chini ya milango. Ulaya nayo ina kiwango cha EN 12453 kinachoweka kikomo cha nguvu ambayo ukingo wa mlango unaruhusiwa kumbana nayo mtu.

Hata pale ambapo hakuna anayekagua, yafunge. Yakae chini, si zaidi ya sentimita 15 kutoka sakafuni, kwa sababu anayelala au kutambaa ndiye asiyeweza kujiokoa. Ukiona fundi ameyafunga yote mawili darini yakitazamana ili mlango "usisumbue", huyo ameondoa kinga yote. Mwambie ayashushe kabla hujamlipa.

Nitapimaje kama mlango unarudi ukigusa kitu?

Laza kipande cha mbao chenye unene wa takriban sentimita 4 sakafuni, katikati ya njia ya mlango, kisha ufunge kwa kitufe. Mlango ukiigusa mbao lazima urudi juu mara moja. Usipofanya hivyo, usiutumie kwa mota mpaka urekebishwe. Halafu jaribu macho: mlango ukiwa unashuka, pitisha ufagio mbele ya mwali. Lazima usimame na kupanda. Fanya majaribio haya kila mwezi.

Mlango unarudi juu bila sababu. Niongeze nguvu kwenye mipangilio?

Hapana, na hili nalisisitiza kuliko jambo lolote kwenye ukurasa huu. Kitasa kile cha kuongeza nguvu ndicho kinachogeuza mlango salama kuwa mtego. Mlango unaorudi unakuambia kitu: macho yamechafuka au yamepotoka, jua linaangaza moja kwa moja kwenye jicho mojawapo, reli imepinda, gurudumu limekwama, au usawa umeharibika. Futa macho, yaelekeze tena mpaka taa zake ndogo zitulie, kisha fanya jaribio la usawa lililoelezwa juu chini ya "Nitajuaje kama mlango wangu uko tayari kufungiwa mota?". Baada ya kurekebisha kisababishi, nguvu ndogo ya awali itatosha.

Kitufe cha ukutani kikae wapi?

Mahali unapouona mlango wote, na angalau mita 1.5 kutoka sakafuni ili watoto wadogo wasikifikie.

## Umeme ukikatika

Nitafunguaje mlango bila umeme?

Kamba nyekundu huliachanisha toroli na mlango, nawe unauinua kwa mkono. Ivute mlango ukiwa umefungwa kila inapowezekana. Ukiivuta mlango ukiwa juu na springi imekatika, mlango wote utakushukia.

Kama gereji haina mlango mwingine wa kuingilia, kamba iliyo ndani haikusaidii ukiwa nje. Agiza kufuli ya dharura ya nje: funguo unaovuta waya uliofungwa kwenye kamba hiyo. Wengi hulikumbuka hili siku ya kwanza umeme unapokatika, wakiwa wamesimama nje.

Je, betri ya akiba inastahili gharama?

Jimbo la California liliona inastahili: baada ya moto wa nyika wa 2017, ambapo watu walikwama nyumbani kwa kuwa milango ya gereji haikufunguka bila umeme, lilipitisha sheria kwamba mota za nyumbani zinazouzwa huko tangu Julai 2019 ziwe na betri. Kwa nyumba yenye mzee, mgonjwa au yeyote asiyeweza kuinua mlango, mimi siioni kama anasa. Betri hizi huchakaa baada ya miaka michache hata zisipotumika, kwa hiyo hakikisha aina yake inapatikana kununuliwa peke yake.

## Rimoti, simu na wezi

Mwizi anaweza kunakili rimoti yangu?

Inategemea. Rimoti za zamani hutuma msimbo uleule kila unapobonyeza, na nyingi hupangwa kwa swichi ndogondogo 8 hadi 12 ndani yake. Swichi 12 za hali mbili zinatoa misimbo 4,096 tu. Mwaka 2015 mtafiti wa usalama Samy Kamkar alionyesha kuwa kifaa cha kuchezea cha watoto kilichobadilishwa kinaweza kuipitia misimbo ya namna hiyo yote chini ya sekunde 10.

Nunua mota yenye msimbo unaobadilika kila unapobonyeza. Ukifungua rimoti yako ukakuta swichi hizo, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha kubadilisha mfumo. Kwa wizi wa kila siku, hata hivyo, hatari kubwa ni rimoti iliyoachwa garini nje ya nyumba. Ikipotea, futa rimoti zote kwenye kumbukumbu ya mota na uzisajili upya zilizobaki.

Nimesikia wezi huivuta kamba nyekundu kutoka nje. Ni kweli?

Ni kweli kwa baadhi ya milango. Waya mgumu hupenyezwa juu ya mlango na kukamata kile kishikio kinachoachanisha toroli. Dawa ni kibati kidogo cha kukinga kishikio, na mpira mzuri wa kuziba ukingo wa juu. Usikifunge kishikio kabisa: siku ya moto ndicho kitakachokutoa. Mota za ukutani hazina udhaifu huu wa toroli.

Niunganishe mlango na simu janja?

Faida ipo: unajua kama uliuacha wazi, na unamfungulia ndugu ukiwa mbali. Lakini uliza mambo mawili. Intaneti ikikatika, rimoti na kitufe vinaendelea? Vinapaswa. Na je, programu inategemea seva za kampuni? Mwishoni mwa 2023 Chamberlain, kampuni ya Marekani inayotengeneza mota za gereji, iliziba njia ambazo programu za watu wengine zilitumia kuufikia myQ, mfumo wake wa kuendesha mlango kwa simu, na watumiaji waliokuwa wamejenga mifumo ya nyumba juu yake wakaamka haifanyi kazi. Kama jambo hilo lingekuumiza, tafuta mota inayokubali swichi ya waya ya kawaida, ili uweze kuongeza kidhibiti chako cha ndani ya nyumba baadaye.

Mlango ujifunge wenyewe baada ya dakika kadhaa, ni salama?

Ni salama tu kama macho yanafanya kazi na mota inatoa mlio na mwanga kabla ya kushuka. Kiwango cha Marekani, UL 325, kinataka onyo hilo kwa mlango unaofungwa bila mtu kuutazama. Na usiache gari likinguruma ndani ukitegemea mlango uko wazi. Ukijifunga, kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyo ndani ya moshi wa injini, inaua bila harufu ya kukuonya.

Kwa nini rimoti hufanya kazi karibu tu?

Badilisha betri yake kwanza. Kama haikusaidia, ondoa balbu ya LED iliyo kwenye mota na ujaribu tena: baadhi ya balbu hizo hutoa kelele za redio zinazoufunika mawimbi ya rimoti. Zipo balbu zilizotengenezwa kwa ajili ya mota za gereji.

## Ufungaji na hali za pekee

Naweza kufunga mwenyewe?

Mota ya reli, ndiyo, ukiwa na msaidizi, ngazi imara na subira ya siku nzima. Hakikisha mota imeshikwa kwenye mbao au zege la dari, si kwenye ubao laini wa dari. Ondoa kamba za zamani na makomeo ya mkono, maana mota ikivuta mlango wenye komeo lililofungwa itaupinda. Mota ya ukutani mwachie fundi, kwa kuwa inagusa shafti ya springi.

Mlango wangu ni mwepesi, wa alumini au bati jembamba. Kuna tatizo?

Lipo moja: mota huvuta kipande cha juu katikati, na bati jembamba hupinda au kupasuka hapo. Kabla ya kufunga mota, kipande hicho kiwekewe chuma cha kukiimarisha upana wote wa mlango. Watengenezaji wengi wa milango huuza chuma hicho, na baadhi hufuta dhamana usipokitumia.

Naweza kuagiza mota kutoka nchi nyingine?

Angalia volti kwanza: ya volti 120 itaungua kwenye umeme wa 230. Kisha masafa ya redio. Ulaya hutumia sana megahezi 433 na 868, wakati Marekani kuna 310, 315 na 390, na masafa yanayoruhusiwa nchi moja huenda yamekatazwa nyingine. Na utapata wapi gia, bodi ya saketi za umeme au rimoti mpya miaka mitano baadaye? Mota ya kawaida yenye vipuri karibu ni bora kuliko nzuri isiyo na vipuri.

Mota yangu ya zamani ikiharibika, nirekebishe au ninunue mpya?

Gia iliyosagika ni kipuri cha bei ndogo, rekebisha. Bodi iliyoungua kwenye mota isiyo na macho wala msimbo unaobadilika, badilisha yote.

Springi imekatika. Naweza kutumia mota kwa muda?

Hapana. Utaijua springi iliyokatika kwa mlio mkubwa na pengo kati ya mizunguko yake. Springi ya kawaida hutengenezwa ili kuhimili mlango kufunguliwa na kufungwa takriban mara 10,000. Mlango ukifunguliwa mara 4 kwa siku, hiyo ni kama miaka 7. Ukiilazimisha mota kuinua uzito wote, utaunguza gia zake, na mlango unaweza kushuka ghafla. Uache umefungwa, chomoa plagi, mwite fundi, na kama springi ni mbili abadilishe zote mbili, kwa sababu ile nyingine imefanya kazi ileile kwa miaka ileile.